Amplifaya ya tyubu kwa mpiga solo wa Kabalagala: kisa kimoja na hesabu zake

Alikuja kibandani kwangu Nsambya Jumanne moja ya mvua, akafuta kioo cha simu kwa shati, na kabla hajaketi akanionyesha picha. Boksi la mbao lililovikwa ngozi bandia ya rangi ya tumbaku, vitasa sita vyeupe, na bei kwa dola. "Muzee, niko natafuta ampli yenye iko na nguvu. Hii iko na wati makumi tano. Itafaa?"

Ni mzaliwa wa Bukavu, Kampala ana mwaka wa tisa, na kazi yake ni gitaa la solo. Ijumaa na Jumamosi usiku bendi yake inapiga rumba katika baa moja ya Kabalagala. Jumapili asubuhi yuko kanisani Katwe. Gitaa analo, tena zuri. Amplifaya hana. Baa ina boksi la tranzista lililozeeka, kanisa lina jingine, naye kila aendapo anasikika kama mtu mwingine. Miaka minne aliweka akiba mpaka ikafika shilingi milioni 11. Pesa hiyo ingemnunulia bodaboda na chenji ikabaki, na mkewe, nilikuja kusikia baadaye, alikuwa amelisema hilo zaidi ya mara moja.

Mimi ni fundi. Marehemu mzee wangu alitengeneza redio kambini Bombo, enzi ambazo redio zilikuwa na valvu ndani, zile chupa ndogo za kioo zinazopata moto na kukuza sauti, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi. Nimerithi koleo zake na woga wake wa volti 400. Vijana siku hizi wanasema tyubu, nami nimezoea. Kisa hiki nakiandika kwa sababu katika miezi tuliyohangaika pamoja, karibu kila kitu tulichosoma kuhusu amplifaya hizi kilikuwa kweli, na karibu kila kitu kilikuwa kimeandikwa kwa ajili ya muziki mwingine na umeme mwingine.

Koo nne

Amplifaya ya "butiki" ni ile inayojengwa na warsha ndogo, mara nyingi mtu mmoja au watu wachache, kwa mkono. Mtindo huu ulianzia Marekani. Alexander Dumble aliwajengea wapigaji aliowachagua mwenyewe. Alifariki Januari 2022, na mashine zake sasa zinauzwa kwa bei ya nyumba. Ken Fischer, aliyewahi kuwa mhandisi wa Ampeg, alijenga Trainwreck zake moja moja, na badala ya nambari akazipa majina ya wanawake. Mwaka 1989 ikaanzishwa Matchless, iliyoichukua sakiti ya Vox ya Uingereza na kuijenga upya kwa uimara wa mtu asiyetaka kurudishiwa kazi. Baada ya hapo warsha zikazaana.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji kwa sauti ni kwamba sakiti zenyewe si ngeni. Fungua maboksi mengi ya butiki na ndani utakuta mojawapo ya koo nne. Kuna Fender ndogo ya tweed ya miaka ya 1950, inayojulikana kwa nambari 5E3, wati kama 12. Kuna Fender Deluxe Reverb ya 1963, wati 22. Kuna Vox AC15 ya 1958, wati 15, inayotumia tyubu za EL84. Na kuna Marshall JTM45 ya 1962, ambayo yenyewe ilitokana na Fender Bassman karibu waya kwa waya. Rangi hubadilika, jina hubadilika, fundi hutia mkono wake hapa na pale. Lakini mtoto wa nyoka ni nyoka: ukishajua ukoo umejua nusu ya tabia.

Boksi la kwenye picha lilikuwa la ukoo wa Marshall, tyubu mbili za EL34. Mashine nzuri. Kwa gitaa la roki.

Wati 50 za nini?

Nilimuuliza baa inaingiza watu wangapi. Kama 80, wakibanana 100. Ngoma ziko umbali gani kutoka kwake? Hatua mbili nyuma. Spika yake inawekewa maikrofoni inayokwenda kwenye mikisa? Ndiyo. Na kanisani, nani anamwambia apunguze sauti? "Kila mutu."

Basi tukapiga hesabu. Nguvu ikizidishwa mara mbili unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji ataitambua bila kugeuka kitini. Ili sauti isikike kana kwamba imekuwa kubwa maradufu, unahitaji nguvu kama mara kumi. Kutoka wati 22 hadi 50 ni desibeli 3 na nusu hivi. Hizo unaweza kuzipata kwenye spika. Kuna spika za inchi 12 zinazotoa desibeli 97 kwa wati moja ukisimama mita moja mbele yake, na kuna zinazotoa 100, kama Celestion Vintage 30. Boksi la wati 22 lenye spika hiyo ya pili linapiga sawa na boksi la wati 44 lenye ile ya kwanza. Desibeli hizo tatu hazili umeme na hazichomi tyubu. Watu wanabishana juu ya wati mwaka mzima na spika hawaiulizi.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali la maana. "Sasa mbona wale wakubwa wa seben wanatumia mia?"

Nilimjibu kwamba wale wa seben, ile sehemu ya rumba ambapo gitaa zinatawala na watu wanacheza, wanapiga viwanjani, na hata huko hawatafuti kelele. Amplifaya kubwa ikifunguliwa robo bado iko mbali na mahali inapoanza kupasua sauti. Kwa mpiga solo wa lingala, wati ni umbali kati ya kidole chake na ukingo huo. Swali letu likawa: katika chumba cha watu 80, ukingo unatakiwa uwe mbali kiasi gani? Hilo halijibiwi kwa picha ya simu.

Usiku wa majaribio

Nina amplifaya mbili nilizozijenga mwenyewe, moja ya ukoo wa 5E3 na moja ya ukoo wa Deluxe Reverb. Ya tatu, ya ukoo wa AC15, niliazima kwa rafiki wa Ntinda ambaye huitumia sebuleni. Alhamisi usiku, baa ikiwa haina wageni, tukazipanga zote jukwaani. Nilimwomba aje na mpiga ngoma na yule wa mi-solo, gitaa linalokaa kati ya solo na ridimu. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Amplifaya hujaribiwa dukani, mtu peke yake, na mtu akiwa peke yake kila tyubu ni tamu.

Tulianza na 5E3. Wauzaji wanaisifu kwa jambo moja: ukikita nyuzi, sauti inazama kidogo kisha inachanua. Si uchawi. Ndani mna tyubu ya rektifaya, 5Y3, inayogeuza umeme wa mawimbi kuwa mnyoofu. Ukidai umeme mwingi kwa ghafla volti zake zinashuka, noti inabanwa, halafu volti zinapanda tena na noti inafunguka. Mpiga bluzi anayeivuta noti moja sekunde tatu anakipenda kitu hicho kuliko mshahara. Kwake amplifaya inaimba naye.

Mteja wangu alipiga peke yake dakika kumi, tabasamu halimtoki. Nikamkonyeza mpiga ngoma.

Seben haina sekunde tatu. Solo inakwenda kwa vijisentensi vifupi huko juu ya shingo ya gitaa, vinavyorudiwa na kugeuzwa, na kila noti lazima iwe na kichwa chake, kwa sababu chini yake kuna mi-solo anayejaza mianya na chini ya huyo kuna ridimu. Gitaa tatu katika eneo moja la sauti. Zinaachana kwa wakati tu, kwa vipande vya sekunde. Mara ngoma zilipoingia alilazimika kufungua kitasa hadi tano, na pale 5E3 ikaanza kuzama na kuchanua kama inavyosifiwa. Noti zikashikana. Mi-solo akapotea ndani yake. Alisimama katikati ya mzunguko na kutikisa kichwa. "Inakula maneno yangu, muzee."

Sina sentensi bora ya kuieleza. Sifa ileile iliyoandikwa kwa mwandiko wa mapambo kwenye kila tangazo, kwake ilikuwa kasoro.

Ya pili, ile ya wati 22, ina rektifaya ya GZ34 isiyoshuka sana. Kitasa kikiwa kwenye nne, kila noti ilisimama kwa miguu yake. Hakuifurahia. "Iko kavu," alisema, na kweli baada ya 5E3 chochote ni kikavu. Mpiga ngoma ndiye aliyesema kwa mara ya kwanza jioni ile amemsikia.

Kisha akachomeka kwenye ile ya Ntinda.

Ningependa kusema kwamba niliyajua matokeo. Sikuyajua. EL84 zina mng'ao fulani wa juu, kama kengele ndogo, na mguso wa kwanza wa noti unatoka mkali bila kuchoma. Alipiga mzunguko mmoja, wa pili, hata mhudumu akaacha kufuta meza. Wati 15, naye hakuuliza tena habari ya 50. Alipozima alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha amua, "Ni hii."

Kwa masikio alikuwa sahihi, na ningemwacha aagize, lakini nilikuwa nimeacha mita yangu ndani ya soketi ya jukwaa.

Soketi

Umeme wa Uganda ni volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Hiyo ndiyo namba ya kwenye karatasi. Kwa wikendi mbili nilipima mahali anapopigia. Baa ya Kabalagala, Ijumaa saa mbili usiku, kila jirani akiwa amewasha: volti 207. Saa tano: 228. Saa nane usiku: 249. Kanisani Katwe, Jumapili saa tatu asubuhi, viwanda na maduka vimelala: 253.

Sasa fikiria tyubu. Ndani yake kuna uzi unaopashwa moto kwa volti 6.3, na kawaida inayokubalika ni kuvuka au kupungua kwa asilimia 10. Transfoma iliyosukwa kwa volti 240 ikipewa 207, uzi ule unapata kama 5.4. Haujafika joto lake. Sauti inakuwa nyembamba, na tyubu ikiendelea kukamuliwa hivyo usiku baada ya usiku inajeruhiwa ndani. Upande wa pili, amplifaya iliyosukwa kwa volti 230, na nyingi za Ulaya ndivyo zilivyo, ikipelekwa kanisani kwenye 253 imevuka asilimia 10 kamili. Uzi unapata 6.9, na volti za pleti, lile bamba la ndani ya tyubu linalopokea umeme, zinapanda kwa kiwango hichohicho.

Hapo ndipo EL84 zinaponitia hofu. Karatasi yake inaruhusu wati 12 za joto kwenye pleti na volti 300. Ukoo wa AC15 na kaka yake AC30 umezoea kuzikalisha ukingoni hata zikiwa kwao Uingereza, na bayasi yake, yaani kiasi cha umeme unaopita kwenye tyubu hata gitaa likiwa kimya, huwekwa na rezista moja isiyorekebishika. Umeme ukipanda, hakuna kitasa cha kuzipoza. Zitaimba vizuri mno kwa miezi michache, halafu utanunua nyingine.

Utanunua wapi? Tyubu mpya za gitaa leo zinatoka hasa sehemu tatu: Čadca huko Slovakia, Saratov huko Urusi, na viwanda vya China. Machi 2022 Urusi ilipozuia bidhaa kadhaa zisitoke nje, tyubu zilikuwamo, na ingawa zuio lililegezwa baadaye, bei zilipanda na kwa muda watu walinunua chochote. Kampala mimi huagiza, na nasubiri wiki nyingi. Mtu mwenye kazi Ijumaa hawezi kusubiri wiki nyingi.

Nisiwatakase 6V6, tyubu za nguvu za ukoo wa Deluxe Reverb. Nazo husukumwa kupita karatasi zao za zamani. Lakini bayasi yao inarekebishwa, na 6V6 za kisasa kutoka Slovakia ni ngumu kuliko bibi zao. Naweza kuzipoza kwa bisibisi. Ni hilo tu.

Nilimweleza haya yote juu ya kahawa pale stendi. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo muziki yangu inachaguliwa na soketi?"

Nilimwambia ndiyo. Alilipa kahawa zote mbili, akaondoka, na hakunipigia simu kwa wiki mbili. Nilimwelewa. Mtu ameonja asali, unamwambia mzinga uko juu ya mti wa miiba.

Shemeji wa Marekani

Aliporudi alikuwa na habari mpya. Shemeji yake aliyeko Marekani amepata boksi la butiki lililotumika, wati 22, ukoo uleule niliousifu, kwa nusu ya bei. La volti 120, basi tutaweka transfoma ya kupunguza. Si rahisi hivyo?

Volti, ndiyo. Mizunguko, hapana. Umeme wa Marekani ni mizunguko 60, wetu ni 50, na kile kitransfoma cha kupunguza hakigusi mizunguko hata kidogo. Mizunguko ikishuka kutoka 60 hadi 50, chuma cha ndani ya transfoma ya amplifaya kinabebeshwa mzigo wa sumaku uliozidi kwa asilimia 20. Kama mjengaji aliacha chuma cha ziada, hakuna neno. Kama alibana gharama, au alifuata ramani ya mwaka 1963 kwa utiifu wa kidini, transfoma itavuma na kupata joto, na siku moja katikati ya wimbo utasikia harufu. Siri iko kwenye maandishi: 50/60 ni salama, 60 pekee ni kamari. Shemeji akatuma picha ya transfoma. 60 pekee.

Tuliliacha. Nusu ya bei ikarudi kuwa bei kamili ya kitu kingine.

Alichonunua

Warsha moja ndogo ya Uingereza hujenga boksi la ukoo wa Deluxe Reverb kwa mkono, wati 22, spika moja ya inchi 12. Tuliwaandikia na kuomba mambo matatu. Transfoma iwe na ncha ya volti 240 pamoja na ile ya 230. Bayasi irekebishwe kwa nje, na kuwe na vishimo vya kuchomeka mita bila kuvua chesisi, ile fremu ya chuma ya ndani. Na soketi za tyubu zifungwe kwenye chuma cha chesisi, zisikae juu ya bodi.

Hili la tatu ndilo sababu yangu ya kupenda kazi ya mkono, na wala si sababu ya masikio. Mabishano ya kama waya za mkono zinalia vizuri kuliko bodi ya kuchapwa nawaachia wenye muda. Ninachokijua ni kwamba tyubu ikikaa juu ya bodi, joto lake linapika bodi, na ukichomoa tyubu mara ishirini unatikisa bodi nzima. Nyufa kwenye risasi ya kulehemu haziko mbali. Kazi iliyopangwa kwenye vijiti, kila rezista inaonekana, na ikiungua naibadilisha kwa pasi ya kulehemu ya kawaida na rezista ya shilingi mia chache. Kwa mtu anayeishi mbali na mjengaji, huo ndio utajiri wenyewe.

Pesa ilikwenda hivi. Boksi milioni 6 na laki 4. Usafiri na bima milioni 1 na laki 1. Entebbe, ushuru na kodi zikala milioni 2 na laki 6. Kumbuka kwamba VAT ya asilimia 18 haitozwi kwenye bei ya boksi peke yake, bali juu ya bei, usafiri, bima na ushuru vikiwa vimejumlishwa, na wanunuzi wa mara ya kwanza hushtukia hapo. Wakala mmoja alishauri ankara iandikwe bei ndogo. Nilimuuliza boksi likianguka bima italipa ipi. Akabadilisha mazungumzo. Zikabaki laki 9, nazo zilikuwa na kazi tayari: jozi mbili za 6V6, tyubu tatu ndogo za mwanzo, 12AX7, fyuzi kumi, na stebilaiza ya kutuliza volti.

Kulizoesha nyumbani

Lilipofika nililifungulia mezani kwangu, ncha ikahamishwa kwenye 240, nikapima. Pleti volti 410. Tyubu ya 6V6 inaruhusu wati 14. Mafundi wengi huiweka asilimia 70 ya hapo. Mimi niliweka 60, yaani wati 8.4, na kwenye volti 410 hiyo ni miliampia 20 na nusu kwa kila tyubu. Mpiga bluzi angelalamika kwamba limepoa. Kwa seben ule ubaridi ni usafi, na kanisani volti zikipanda bado kuna pa kupumulia. (Usijaribu haya nyumbani kwa kusoma tu. Kapasita za ndani zinabaki na mamia ya volti hata waya ukiwa umechomolewa. Mzee wangu alikuwa na kovu kiganjani la kuthibitisha. Na kamwe usiwashe amplifaya ya tyubu bila spika kuchomekwa.)

Katika stebilaiza ndipo tulipopoteza pesa. Kwanza alinunua kile kidude cha kulindia friji akidhani ni kitu kilekile. Kidude hicho hakirekebishi umeme. Kinakata tu ukizidi au ukipungua, na saa mbili usiku pale Kabalagala kilimkatia mara tatu kabla wimbo wa pili haujaisha. Akanunua stebilaiza ya relei. Hiyo inarekebisha, ila kwa kuruka hatua hatua, na kila ikiruka inasikika "tak" ndani ya spika na sauti inayumba. Ya tatu, yenye mota ndogo inayozungusha brashi polepole juu ya koili, ndiyo iliyotulia. Ya volti-ampia 1000, nzito kama tofali mbili. Tungeianza hiyo tangu mwanzo tungeokoa laki 3. Kosa la kidude cha friji ni lake. La relei ni langu, nilimwambia itatosha.

Spika nayo ilinipa somo dogo. Vintage 30 inasukuma sauti za kati-juu mbele, na gitaa lake likiwa kwenye pikapu ya nyuma, karibu na daraja, lilichoma masikio ya meza ya kwanza. Tulishusha trebo, tukainua boksi kwenye kreti la soda likaelekea juu kidogo, maikrofoni ikasogezwa pembeni mwa koni. Ikatosha.

Boksi lina kilo 18 na ushei. Bodaboda tulijaribu siku moja. Alipofika kwenye tuta la tatu alishuka akatembea nalo kichwani. Sasa anakodi gari la spesho, na gharama hiyo ameipeleka kwa mwenye baa, ambaye kwa mara ya kwanza hakubisha.

Hivi sasa ni mwezi wa saba. Tyubu za nguvu ni zilezile alizokuja nazo. 12AX7 moja ilianza kulia kama kengele mwezi wa nne. Aliigonga moja moja kwa penseli kama nilivyomfundisha, akaipata, akabadilisha yeye mwenyewe kati ya seti mbili. Bado anaitaja ile ya Ntinda. Akipita kibandani hunisimulia alivyoisikia tena mahali fulani, nami humwachia amalize.

Kuna sehemu moja ya kisa hiki ambayo sikuipima vizuri. Kanisani nilipima Jumapili ambayo umeme ulikuwepo. Sikuuliza umeme ukikatika wanatumia nini. Wanatumia sola, na inveta yao ni ya bei nafuu, ile inayotoa mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini. Taa hazijali. Kinanda hakijali. Transfoma kubwa ya chuma inajali sana, na stebilaiza yetu haiwezi kunyoosha wimbi lililokatwa.

Jumapili ya tatu alinipigia katikati ya ibada, ananong'ona nje ya mlango. "Muzee, inavuma. Inavuma sana."

"Umeme au jua?"

Kimya kidogo, kwaya ikisikika nyuma yake. "Jua."

"Zima. Tumia lile boksi lao la zamani."

Kamati ya kanisa imeweka inveta mpya kwenye orodha, chini ya viti na paa la choo. Jumapili boksi lake linabaki nyumbani, limefunikwa blanketi, na mtoto wake wa miaka mitano amepewa ruhusa ya kuliketia.